Beberu Aliyegeuka Mchanga

Kosa la kwanza nililofanya, kabla ya makosa mengine yote ambayo nitawasimulia bila kuulizwa, ni kuuza beberu wa mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa.

Naanza na hilo ili msije mkalisikia kwa watu. Hapa Nyamwaga watu wanasimulia vibaya, wanasema niliuza ng'ombe. Si kweli. Ng'ombe wote walikuwa malishoni Mbalibali na baba. Wangekuwa karibu, sijui.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, nawaandikia kama mstaafu. Chekeni, nawasubiri. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimestaafu kazi ya dhahabu baada ya kuitumikia likizo nzima ya mwezi wa sita. Kiinua mgongo sikupewa. Mgongo ninao, ila haukuinuliwa na mtu, uliinamishwa, kama mtakavyoona. Naandika kwa sababu nawaona mnavyonong'ona dirishani kila habari ya rashi inapokuja, kwamba mahali fulani dhahabu imetoka na watu wanakimbilia huko na makarai kichwani. Nayajua hayo macho. Yalikuwa yangu.

Mtauliza, mtoto ambaye hajazaliwa anakuwaje na beberu? Ni mipango ya mama. Kaka yangu Chacha alioa, akamleta mke wake Robi nyumbani, kisha akavuka mpaka kwenda Migori kujenga nyumba za watu, ili naye siku moja ajenge ya kwake. Robi akabaki na sisi, na mimba ya kwanza. Ni mfupi, mwembamba, na ana maneno kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Nesi wa kliniki alimtazama juu hadi chini, akamwambia mama, "Huyu asijifungulie nyumbani. Ni mimba ya kwanza na nyonga zake ni nyembamba. Uchungu ukianza tu, mumpeleke hospitali kubwa Tarime. Kwa gari, mama. Msije mkampakia kwenye bodaboda."

Mama hana akaunti. Benki yake ina pembe. Siku ileile alifika zizini, akamnyooshea kidole beberu wetu mweusi, akasema, "Huyu ni wa gari." Basi. Kuanzia siku hiyo beberu akawa na heshima yake. Hakuna aliyemtupia jiwe tena, hata akila nguo iliyoanikwa.

Vitu vingine mama alivinunua kidogo kidogo. Kila siku ya mnada aliuza ndizi, akarudi na kitu kimoja. Leo sabuni. Mnada ujao pamba na wembe. Mnada mwingine vitenge vya kumfungia mtoto, vipya kabisa, vikiwa bado ndani ya nailoni. Ndizi zikienda vizuri sana bado alinunua kimoja. Nilipomuuliza kwa nini asimalize vyote kwa mpigo, alisema, "Ukibeba vingi, njia nzima inajua una vingi. Kesho wanakuja kukopa." Vyote alivifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, isipokuwa beseni la kumwogeshea mtoto, ambalo halikuingia. Hilo lilitundikwa kwenye msumari chumbani kwa Robi, jekundu, linang'aa kama nyanya.

Na beberu akanikabidhi mimi. "Baba yako yuko Mbalibali," alisema, "kaka yako yuko Kenya. Mwanaume hapa ni wewe."

Kama mama ana kosa katika habari hii, ni hilo tu. Nilikuwa nimetahiriwa msimu uliotangulia. Kwa kipimo cha Kikurya nilikuwa mwanaume kamili, sichoti maji, sikai jikoni, siulizwi nimetoka wapi. Kwa kipimo cha shule nilikuwa mtu mwenye D ya hisabati. Mwanaume kamili mwenye D ya hisabati ni kiumbe wa hatari. Mkimwona, mfungieni mbuzi.

Mwalimu wa biashara alitufundisha kwamba mtaji usiozunguka unakufa. Nikamtazama beberu. Alikuwa anazunguka kigingi tu. Nikamhurumia. Nikaona mama ni mtu mzuri lakini hakusoma biashara. Nikapiga mahesabu: beberu anageuka mchanga wa dhahabu, mchanga unageuka dhahabu, dhahabu inageuka mabeberu wawili, na mmoja wao nitamwita jina langu. Nikamfungua kamba asubuhi kama napeleka malishoni, tukaenda zetu Matongo, kwenye machimbo. Njiani alinifuata vizuri tu, maskini. Aliniamini kuliko mwalimu wa hisabati.

Sasa niwaambie kidogo kuhusu kazi, maana mstaafu asiyeeleza kazi yake ni mzururaji tu. Enzi za mama zetu mawe yalipondwa kwa nyundo na kutwangwa kwenye vinu vya chuma. Enzi zetu sisi, yaani mwezi wa sita, makarasha yalikuwa yameshaingia, yanasaga mawe mpaka yanakuwa unga, na kelele zake unaweza kumtukana mtu mbele yake akakujibu "asante". Unga huo unapelekwa mwaloni, mahali pa kuoshea. Wanautiririsha na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa kapeti. Dhahabu ni nzito, inakwama kwenye nyuzi za kapeti, na mchanga unashuka zake. Kapeti linakung'utwa kwenye karai, inatiwa zebaki, zebaki inaikamata dhahabu. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zote. Mimi ningezipata. Nilichokuwa sijui ni neno moja.

Pale mwaloni kulikuwa na kijana aliyeitwa Injinia, kwa sababu aliwahi kutengeneza redio ya mtu ikaimba hadi jioni. Alikaa juu ya rundo la mchanga mzuri, laini, wa kijivu.

"Injinia, huu unauza?"

"Nauza."

"Ni mchanga gani?"

"Marudio."

Wadogo zangu, shuleni marudio ni nini? Ni yale mambo unayosoma tena kabla ya mtihani. Nani anafanya marudio? Wenye akili. Nani anafaulu? Waliofanya marudio. Nikajua kabisa kwamba huu ni mchanga uliotengwa, mchanga wa kiwango cha juu, uliosubiri mtu makini.

"Marudio kabisa?" nikauliza, nikikunja uso ili asijue nimefurahi.

"Marudio safi. Umeoshwa vizuri."

"Umeoshwa!"

"Mara mbili."

Mara mbili! Nikaona Mungu ananipenda. Nilidhani kuoshwa ni sifa, kama shati. Injinia hakunidanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningedanganywa ningekuwa na wa kumlaumu.

Tukapatana. Akamchukua beberu, nikachukua magunia. Beberu aligeuka akanitazama mara moja tu, halafu akaanza kula kofia ya Injinia. Huo ndio wosia wake.

Magunia niliyaweka kibandani kwa Mama Nyangi. Huyu ni mama mmoja mwenye mikono kama ya fundi chuma, ameosha dhahabu Matongo tangu sijazaliwa, na ndiye mwalimu wangu pekee wa kazi hii ingawa hakuomba. Nilimwambia nimeweka mzigo wa siri. Akasema siri ziko nyingi humo, weka kando ya jembe.

Kesho yake nilirudi na chombo. Karai sikuwa nalo. Nilikuwa na beseni.

Ndiyo, hilohilo. Nililishusha kwenye msumari Robi akiwa shambani. Nilijiambia nitalirudisha kabla hajarudi, tena likiwa na chembe ya dhahabu ndani, kama zawadi. Nikaazima zebaki kidogo ndani ya kizibo cha soda, nikaanza kuosha. Nikaosha gunia moja. Nikaosha la pili. Zebaki ilitembeatembea kwenye beseni kama mtu aliyekosa mwenyeji, haikukamata chochote. Mama Nyangi akaja akasimama nyuma yangu, akaniita mura, yaani kijana kwa Kikurya.

"We mura, unaosha nini?"

"Marudio, mama."

Akakaa chini. Si kwamba alichoka, alikaa ili acheke vizuri. Alicheka mpaka wanawake wengine wakaja kuuliza nani amekufa.

"Mura, ukila ndizi, kesho yake unarudi kutafuna ganda?"

"Hapana, mama."

"Sasa marudio ndiyo ganda! Ni mchanga uliokwisha oshwa. Dhahabu tulishaitoa. Iliyobaki humo ni ndogo ndogo, haishikwi na kapeti wala zebaki. Inataka dawa kali za kwenye mavati, matangi yale ya wenye mitaji. Wao ndio wananunua marudio, tena malori kwa malori. Wewe una vati?"

"Nina beseni."

Hapo kicheko kikamtoka usoni. Akainama akaliangalia. Beseni la mtoto linajulikana, lina kishikio na picha ya bata.

"Hili la nani?"

"La mtoto wa kaka. Hajazaliwa."

Alinipiga kofi. Si la nguvu, ila lilifika. "Zebaki ni sumu," akasema. "Umemtilia mtoto sumu mahali pa kuogea. Hili halirudi nyumbani. Hata ulisugue na majivu, hata ulichemshe, halirudi. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nanyi msikie, maana hapa sitanii: chombo kilichoguswa na zebaki hakirudi jikoni wala chumba cha mtoto. Nimewaona watu wanachoma zebaki ili ibaki dhahabu tupu, tena kwenye jiko la kupikia ugali, watoto wamekaa pembeni wanaota moto. Kama mtachukua kitu katika habari hii yote, chukueni hayo tu. Alilitoboa beseni kwa msumari ili asitokee mjinga mwingine wa kuliokota, nikaenda nyumbani mikono mitupu.

Nyumbani nilikuwa nimeshatunga uongo. Tangu siku ya kwanza mama alipouliza, "Beberu yuko wapi?" nilijibu, "Mama Ghati amemwazima. Mbuzi wake wanataka kupandwa." Mama akaitikia, majirani huazimana madume. Kesho yake akauliza, "Bado hajarudi?" Nikasema, "Mbuzi wa Mama Ghati ni wengi, mama." Siku iliyofuata akasema, "Huyo mnyama si atakufa?" Nikasema, "Anapumzishwa mchana."

Robi alikuwa mgumu zaidi. Alisimama mbele ya ukuta wake, akaukodolea macho msumari.

"Shemeji, beseni langu liko wapi?"

Nikainama kufunga kiatu.

"Usiniambie," akasema. "Nalo limeenda kupandisha."

Akacheka, akashika tumbo, akasema, "Mtoto, umesikia? Huyu ndiye baba yako mdogo. Ukizaliwa ujitegemee." Hakumwambia mama. Mpaka leo akitaka maji ya kunywa ananitazama tu, nayaleta.

Chacha naye alipiga simu kutoka Migori, ameshaanza kuongea kama wa huko. "Niaje, kijana? Mambo ya hosi iko sawa?" Nikamjibu hospitali iko sawa. "Na gari je?" Nikamwambia gari linakula majani. Akadhani ni mzaha, akacheka. Sikuwahi kusema ukweli uliochekesha namna ile.

Nilikuwa na mpango. Msinione mjinga tu, nilikuwa mjinga mwenye mpango. Nesi alisema bado wiki kadhaa. Ningebeba mawe ya watu kwenye makarasha, nikusanye, ninunue beberu mwingine mweusi, nimrudishe kimya kimya. Niliwahi hata kuchagua mmoja, ila alikuwa na doa jeupe, nikawa nafikiria kulipaka rangi ya viatu. Hayo yote mtoto hakuambiwa. Mtoto wa kwanza hajui kalenda.

Ilikuwa asubuhi, tunaanika mahindi. Mama Ghati akaingia uani na kibakuli, anaomba chumvi. Nikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea migombani. Mama akampokea vizuri, akamtilia chumvi, akamuuliza, "Mbuzi wako wameshika mimba sasa?"

Mama Ghati akashangaa. "Mbuzi gani, dada? Mimi nina kuku."

Mama akanigeukia. Alifungua mdomo. Na hapohapo Robi akapiga ukelele ndani ya nyumba, ukelele mrefu, si wa mzaha.

Nawaambia ukweli, kwa muda mfupi sana nilishukuru. Halafu nikaingia ndani nyuma yao nikamwona Robi ameshika mguu wa kitanda, jasho linamtiririka, maji yamemwagika sakafuni, na yule mtu wa maneno hana neno. Shukrani ikanitoka mwilini yote.

Mama akatoka nje nami. "Hatuna muda. Popote alipo beberu, kamchukue, mpeleke kwa Mzee Marwa mwenye pikapu. Tulishaelewana, anapokea mbuzi. Yuko wapi?"

"Mama," nikasema, "beberu ni mchanga."

"Mchanga? Beberu mzee vile?"

"Si mchanga wa umri, mama. Mchanga wa kwenye magunia."

Nilipata alama nzuri sana kwenye somo la Kiswahili kwa kueleza maneno yenye maana zaidi ya moja. Siku ile nilitamani kila neno liwe na maana moja tu, na liwe "samahani". Nikaeleza yote pale uani: Matongo, Injinia, marudio, Mama Nyangi. Mama Ghati alisimama na chumvi yake, hakupitwa na kitu. Nilingoja kofi. Nilingoja tusi. Mama alinitazama, akanipita kama mtu anavyopita kigingi kisicho na mnyama.

Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Marwa, anakimbia, nami nakimbia nyuma. Mzee Marwa hubeba mchanga kupeleka kwenye mavati, kwa hiyo alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akampigia Mama Nyangi simu, akaweka sauti ya nje.

"Magunia ya kijana wa Nyamwaga yapo?"

"Yapo," akajibu Mama Nyangi. "Ameosha mawili. Hajaharibu kitu, hakukuwa na cha kuharibu."

Mzee Marwa akakuna kidevu. "Mama Chacha, huyu si beberu. Mchanga huu unanifikisha nusu ya njia. Mafuta nanunua, hata mimi sichoti kisimani."

"Na nusu nyingine?"

Mzee Marwa ni mtu mwema lakini ni mtu wa gari. Mama akarudi nyumbani, akavuta sanduku la bati, akatoa vile vitenge vilivyokuwa bado ndani ya nailoni, mnada kwa mnada wa ndizi zake, akavipeleka mikononi mwa Mzee Marwa bila kuvikunjua. Nilisimama pale naangalia. Kitu kibaya kuliko kupigwa ni kutazama mtu analipa kwa niaba yako bila kukutazama.

Robi alikaa mbele. Mama na mimi tulikaa nyuma ya pikapu, tumeshika chuma. Barabara mnaijua, vumbi na mashimo. Kila shimo Robi alilia, na kila alipolia mama alifumba macho, na mimi nilifumba yangu ili asiyaone. Nilitaka kusema kitu. Nilipanga sentensi, nikaipangua. Tangu nyumbani hadi Tarime mama hakuniambia neno. Alimwambia dereva "taratibu", akamwambia Mungu mambo mengi kwa Kikurya, mimi hakuniambia.

Hospitalini walimpokea wakamkimbiza ndani. Daktari alitoka mara moja akauliza nani amekuja naye, akasema, "Mmefanya vizuri kuja na gari. Mngechelewa, tungekuwa tunaongea mambo mengine." Kisha akarudi, wakamfanyia upasuaji. Mama alikaa kwenye benchi. Nikakaa mwisho wa benchi lilelile, nusu ya makalio hewani. Nilihesabu ni kiasi gani cha mchanga wangu kingeweza kumrudisha mtu, nikakosa jibu, na safari hii haikuwa kwa sababu ya hisabati.

Alitoka nesi. Mtoto wa kike, mzima, mama yake mzima, amechoka. Mama alilia kwa sauti mbele za watu. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Nikaingizwa kwa muda kidogo, Robi akafumbua jicho moja, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, ukimwangalia tu inatosha. Usimshike, utamuuza." Basi nikajua yuko sawa.

Mtoto alikuwa amefungwa kwenye nguo moja, kipande alichochana mama kwenye khanga yake mwenyewe. Haikupita muda mtoto akafanya kazi aliyokuja kuifanya duniani, nguo ikachafuka. Mama alitazama huku na huku akitafuta pa kwenda kufua, na mimi, mwanaume kamili wa Kikurya, nisiyechota maji wala kukaa jikoni, nikanyoosha mkono nikaichukua. Mtoto akabaki ndani ya sweta la mama.

Kwenye mabomba ya nje palikuwa na wanawake wanafua. Waliponiona wakaanza. "Jamani, mura anafua nepi!" "We kijana, mke wako yuko wapi?" "Mwacheni, labda ametumwa na mizimu!" Mmoja akaja kunifundisha kushika sabuni, nikamwambia kuosha nakujua, nimetoka mwaloni. Nilisugua. Nilisugua kama mtu anayetafuta kitu ndani yake. Jua lilikuwa kali na kila mpita njia alisimama.

Nikaona kivuli kando yangu. Mama. Nikajua sasa ndipo. Nikasimama na ile nguo inadondosha maji kwenye viatu vyangu, nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima, nimekosa mama, nitabeba mawe likizo ijayo, nitarudisha beberu, nitarudisha vitenge. Hakunikatiza. Akaichukua nguo mkononi mwangu, akaiinua juani, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. Akasema:

"Kamua vizuri. Mtoto hana nyingine."